Kona ya Kula

Kosa lilikuwa langu, tena la herufi moja tu, nikaliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Huku kwetu Kinyinya barabara zina namba kwenye vibao, ila sijamsikia mtu akizitaja. Watu husema pale bombani, pale kwa fundi viatu. Nilipohamia, kiongozi wa nyumba zetu aliniomba niyaandike majina hayo yote ili madereva wasipotee. Alinichagua kwa kuwa nilisoma sekondari Tanzania na Kiswahili changu hakina "iko" nyingi. Hakujua kwamba mimi ni mtu wa kochi. Mitaa karibu yote niliiandika nikiwa uani kwangu, nikimuuliza mama jirani juu ya ukuta.

Huyo mama, chakula kwake ni "chakura". Basi aliposema, "Andika na Kona ya Kura," nikacheka moyoni, nikamsahihisha bila kumwambia: Kona ya Kula. Na kwa kuwa nilijua mahali pamoja tu pa kula, nikaongeza maelezo: bondeni, penye brosheti, mishikaki ya huku. Orodha ikapigwa picha, ikatumwa kwenye simu za watu wote. Nikasifiwa.

Asubuhi moja binti yake akashikwa na uchungu. Mama akampigia dereva: "Njoo Kona ya Kura, haraka!" Tukasubiri, binti ameshika geti, anahema. Gari halionekani. Simu ikalia.

"Mama, nimefika. Niko hapa kwenye moshi wa nyama. Mko wapi?"

"Moshi gani? Kona ya kura! Pale shureni, tunapigia kura!"

"Orodha inasema bondeni, mama."

Mama akanitazama. Shule iko hatua mia kutoka getini kwangu. Nilikuwa nimeipeleka bondeni.

Nikamnyang'anya simu, nikamwelekeza dereva apande, nikakimbia na ndala hadi shuleni kupunga mikono. Sikumbuki mara ya mwisho nilikimbia lini. Gari lilipochomoza kwenye mteremko nililielekeza getini, nikaketi ukingoni mwa barabara. Wakafika hospitali ya Kibagabaga kwa wakati, na kabla ya mchana mtoto alikuwa ameshalia. Msichana, mzima, na mama yake mzima. Nilipopata habari nililala usingizi wa mchana kama mimi ndiye niliyejifungua.

Waliporudi nikapeleka orodha mpya: Kona ya Kura, shuleni. Jirani akaisoma pole pole, mjukuu begani, kisha akanirudishia.

"Mimi ilisema kura," akasema. "Wewe ulisikia njaa yako."