Sanda ya Bibi kwa Nanomita

Bafta mpya ina harufu yake, ya wanga na vumbi la dukani. Juzi nilipita duka moja la vitambaa Pongwe, muuzaji akakunjua gora juu ya meza, harufu ile ikanipata sawasawa nikasahau nilichofuata. Nilikuwa tena mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu Ngamiani, namtazama bibi yangu mzaa baba akipima sanda yake mwenyewe.

Mkishangaa, basi ninyi si wa kwetu. Wazee wengi wa pwani hii hujinunulia bafta mapema wakaiweka. Ya Bibi ilikaa sandukuni pamoja na ubani, na kila mwezi wa Shaabani aliitoa ipate hewa, akaipima kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ahakikishe panya hawajaipunguza. Ilikuwa mikono thelathini. Akimaliza huikunja, akaenda zake kukuna nazi.

Mimi sikuwa mtoto wa kutulia. Mama alikuwa akisema nimekalia upupu. Lakini mwaka ule nilikuwa na sababu: Bibi alikuwa anaumwa kifua tangu masika, na jirani yetu mmoja alisema uani, bila kujua namsikia, kwamba safari hii yule mama ataipima sanda kwa mara ya mwisho. Tangu hapo usingizi ukanipaa. Nikawa nazunguka, barazani, uani, ndani, nikimchungulia Bibi kama bado anapumua.

Kaka yangu Hamisi, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa akisoma fizikia kwa sauti. Nikamsikia akitaja nanomita, kipimo cha kupimia vitu vidogo vidogo vya jamii ya atomi. Akanieleza kwamba unene wa unywele mmoja tu ni kama nanomita elfu themanini. Nikamuuliza mkono wa Bibi una ngapi. Akabonyeza kalkuleta: milioni mia nne na hamsini. Nikamsihi aendelee. Mtu akihesabu nanomita moja kila sekunde, asile wala asilale, mkono mmoja ungemchukua miaka kumi na minne. Sanda nzima, miaka mia nne na ushee. Nilifurahi mno, maana kwa akili yangu mtu hawezi kufa kabla sanda yake haijakwisha kupimwa.

Siku Bibi alipoitandaza bafta mkekani, nikamwambia asipime kwa mkono, apime kwa nanomita. Nikamweleza yote, mpaka ile miaka mia nne. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akasema haba na haba hujaza kibaba. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

"Na nani atanipimia, mke mwenzangu?"

"Mimi, Bibi."

"Haya. Kaa kitako uanze."

Nikashika pindo nikaanza kuhesabu. Miguu iliniwasha, wenzangu waliniita nje tukacheze rede, nami sikunyanyuka. Bibi alishika ncha ya pili, akipumua kwa shida. Adhana ya alasiri ikatukuta pale pale. Akaniuliza nimefika wapi, nikamjibu elfu moja na mia mbili. Akaliinamia pindo, akakaza macho.

"Mbona sioni ulipofika?"

"Bado hapaonekani, Bibi."

"Basi hatuna haraka," akasema, akaenda kutawadha. Usiku ule nililala fofofo.

Kifua kilipona, na Bibi akaishi hadi nikamaliza sekondari. Alipofariki hapakuwa na muda, maana maiti hacheleweshwi. Waosha walikuwa wanasubiri, wakaniomba niipime bafta. Niliipima kwa mkono wangu, upesi, huku nalia, ikatosha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Bibi hakuwa akijipimia kifo. Alikuwa akituondolea adha, asije mmoja wetu siku ile akahangaika madukani na machozi usoni. Nikaelewa pia kwamba alijua ninachokiogopa tangu nilipofungua mdomo. Angeweza kuniambia kwamba sote tutakufa, na ingekuwa kweli. Badala yake, mgonjwa vile, alikaa akanishikia sanda yake mwenyewe mpaka hofu ikanitoka.