Jinsi ya Kuimba Kihindi Uani

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba India mtu akiwa mpweke anaanza tu kuimba, na majirani wanamiminika barabarani kucheza naye. Mwenye kibanda cha video pale mtaani kwetu Sakina ndiye aliyetuambia, na picha zake zote za Kihindi zilimuunga mkono.

Leo nimenusa udi wa vijiti dukani, mawazo yakanirudisha utotoni. Mama alikuwa akifuata mitumba Namanga, siku nyingine harudi mpaka kesho yake. Basi siku moja nikasimama uani, nikaimba Kihindi changu cha kubuni hadi nadhani ng'ombe wa mnadani kule Kisongo waligeuza shingo. Akachungulia jirani mmoja tu: "We mtoto, tumbo linakuuma?"

Nikaenda kwa mama wa duka la vitambaa, aliyezaliwa India. Udi wake ulinukia mpaka nje.

"Shikamoo. Mimi nimeimba, hawajatoka. Kwenu mnaimbaje mpaka watu watoke?"

Akaacha kupima kitambaa.

"Marahaba. Wale wa kwenye picha wanalipwa, mwanangu. Hata kwetu, mtu akiimba peke yake, anaimba peke yake."