Mbuga Iliyopakwa Njano

Tulihamia Mpanda kutoka Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa bado mke mgeni katika kaya ya baba mkwe. Ng'ombe tuliwachungia kwenye mbuga pana ng'ambo ya kijiji cha Kasekese. Masika maji yalisimama humo, na kiangazi majani yalibaki mabichi wakati kwingine kote kumekauka.

Kisha wakaja watu wa kuchora ramani ya uoto. Walizunguka porini wakitazama miti na majani, wakilinganisha na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Baadaye tukaitwa ofisi ya kata kuiona ramani yenyewe, imebandikwa ukutani.

Baba mkwe hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nyumbani sikuwahi kuzungumza naye bila kupiga magoti. Siku ile nilisimama mbele yake, wanaume wote wakinitazama, kidole changu kwenye ramani.

"Mbuga yetu ni hii ya njano, baba," nikasema. "Imefungwa, imetiwa hifadhini. Ni malisho ya wanyamapori wakati wa kiangazi. Sisi tumepewa hapa kwenye kijani."

"Hapo ni miombo," akasema. "Kuna mbung'o wa kuua ng'ombe."

Nikamgeukia bwana misitu, kijana mpole.

"Ramani inaonyesha mimea tu, mama," akanijibu. "Mbung'o haiwaonyeshi. Na ile mbuga ikiendelea kuchungiwa hivi itabaki vumbi. Hata nyie hamtaipata."

Alisema kweli. Majani yalikuwa yameshaanza kupungua, sote tuliona. Tungekuwa na wa kumlaumu, pengine tungepumua.

Tukaingia miombo. Kabla mvua hazijarudi ng'ombe walikonda, manyoya yakawasimama, wakaanza kufa. Mume wangu na baba yake wakawaswaga waliobaki kuelekea Rukwa. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nikaachwa pamoja na mama mkwe tulime mahindi, upande mmoja mpaka wa hifadhi, upande wa pili msitu wenye mbung'o.

Mbuga ilipona. Nilikuwa nikienda kuokota kuni naiona kwa mbali, majani yamefika tumboni mwa nyati. Sikuthubutu kukanyaga.

Mume wangu alirudi mtoto akiwa ameshaanza kutembea. Nilimwomba twende wote Rukwa.

"Na shamba?" akaniuliza. "Na mama?"

Asubuhi akaondoka, nami nikachukua jembe kabla jua halijawa kali.