Herufi Nene za Baba

Enzi zetu pale Kitale, ukitaka duka lako liheshimiwe ulimtafuta Baba. Mashine hazikuwepo. Kulikuwa na brashi, kopo la rangi nyekundu, na herufi zake nene zenye mikia ya kujikunja, zilizoinama kulia kama mtu anayekimbia mvua. Kinyozi, bucha, poshomili ya kusaga mahindi, wote aliwaandikia. Sisi watoto tulijifunza kusoma kwenye kuta hizo, tukinusa tapentaini mpaka kichwa kinauma. Tukitumwa sukari tulichelewa makusudi ili tusome barabara nzima. Vijana wa leo wanasoma simu wakivuka barabara, halafu ati wanashangaa wakipigiwa honi.

Lakini Baba hakuziweka herufi zile kwenye kila kitu. "Kibao cha mbwa mkali kiandike wazi," alisema. "Mtu asisimame kusifu mikia huku anaumwa." Wala hakuandika jina zima kwa herufi kubwa. Kubwa ni ya kwanza tu, zinazofuata zishikane mikono. Msalaba wa marehemu ndio haukukosa herufi zile, tena bure. "Mtu asilale chini ya herufi za njaa," alisema. Kwetu nyumbani Tongaren, hadi Misikhu, misalaba mingi ni kazi yake. Mama alisimama nyuma yake akimwambia mkia umezidi, naye alinuna, kisha akaufuta.

Baba alituacha zamani. Mwaka huu Mama naye akaenda. Dada na kaka wanaishi ng'ambo. Walikuja mazishini, wakarudi. Nimebaki na nyumba, kuku, na kazi ya kumwekea Mama msalaba wa kudumu. Nilitaka jina lake liandikwe kwa mkono ule, nilitaka sana, na mkono haupo.

Nikaenda Kanduyi kwa kijana mwenye kompyuta, nikamweleza herufi nene zenye mikia.

"Mathe, relax, hiyo iko," akasema.

Mathe! Ndivyo wanavyomwita mama siku hizi. Haya. Akaandika jina zima kwa herufi kubwa, likawa kichaka cha miiba. Nikamwambia aache kubwa za mwanzo tu. Alipofanya hivyo, jamani, machozi yakanitoka. Ilikuwa herufi ya Baba kabisa, unene ule, mkia ule. Akazikata, akazibandika kwenye bamba la chuma.

Msalaba umesimama sasa: Anastasia Nekesa. Niliwatumia picha. Dada akajibu, "Imetoka! Kama Baba mwenyewe." Kaka akaweka kidole gumba.

Nilikaa kando ya kaburi nikiutazama. Zile a ndogo zote ni pacha. Baba hakuwahi kuandika a mbili zinazolingana. Ya mwisho aliivuta, kama hataki kuachana na jina la mtu. Enzi zile tungelibishania jambo hilo nyumba nzima mpaka chai ipoe. Siku hizi nalijua mimi tu, na sina wa kumwambia.