Gari Tulilolitoa Louisville

Ipo siku ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponipigia simu kuniambia unahamia Buffalo na gari lako la hapa Columbus, imenirudia upya. Ulisema gari ni zima, linawaka kila asubuhi. Kaa kidogo unisikilize. Nitakueleza habari za kaka yangu mkubwa, Bahati, ambaye sisi wadogo tulimwita yaya, kama ilivyo desturi ya kwetu Kivu.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimemaliza shule si muda mrefu. Tuliishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji uliotupokea tulipotoka kambi ya wakimbizi. Yaya alikuwa na gari la familia, kubwa, la zamani, lenye milango ya kusukuma. Asubuhi moja aliliwasha likanguruma kama trekta. Wezi walikuwa wameingia chini yake wakakata kile chombo kinachosafisha moshi kabla haujatoka nje, maana ndani yake mna madini ya thamani. Jamaa mmoja mwenye mashine ya kuchomelea akaziba pengo kwa kipande cha bomba tupu. Kelele zikapungua. Taa ya injini ikabaki inawaka pale mbele ya dereva, nasi tukaizoea. Louisville hapakuwa na mtu wa kupima moshi wa gari, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza.

Kisha yaya akapata kazi kwenye kiwanda huko Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, na mimi nikaahidiwa nafasi hapo hapo. Tukapakia magodoro na masufuria, tukaondoka. Njiani tulilala hapa Columbus, Clintonville, kwa Bwana Kamau, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki kufanya kazi. Tulifahamiana naye kwa mambo ya kanisa. Kulipokucha alitusaidia kupakia, akasikia injini inavyonguruma, akainama kutazama chini. Akamvuta yaya pembeni.

"Ndugu yangu, jimbo la New York, huko Buffalo, si kama hapa, wala si kama Kentucky," alimwambia. "Ukisajili gari huko lazima likaguliwe, na moshi pia wanapima. Hili halitapita. Na hata kama wasingepima, mimi nisingepakia watu humu. Ngojeni wiki moja hapa kwangu, tutafute hicho chombo kifungwe."

"Bon, kaka, kazi haiwezi kuningoja," yaya alijibu, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Gari inatembea. Donc, tutaona huko mbele."

Bwana Kamau hakubishana tena. Alitusihi tu tuache vioo wazi kidogo njia nzima. Tulimtii mpaka baridi ilipotushinda.

Buffalo tulipanga nyumba East Side. Yaya akapata namba mpya za gari, na ukaguzi ukawa haukwepeki. Nilikwenda naye kwa fundi ili nimtafsirie. Alikuwa mzee mpole. Alichomeka waya wa kompyuta yake chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa. Halafu akalinyanyua gari na kutuita tuone. Pale palipochomelewa palikuwa pamepasuka, na sakafu chini ya kiti cha nyuma ilikuwa imeliwa na kutu. Akatuambia moshi unaweza kuingia ndani, na sumu iliyomo haina rangi wala harufu; mtu husinzia tu, akadhani ni uchovu. Akaomba tumwachie gari kwa siku kadhaa, kwa sababu chombo chenyewe lazima kiagizwe.

Nilimtafsiria yaya kila neno. Lakini alikuwa mgeni kazini, na aliogopa kwamba akikosekana watamfukuza. Akachukua ufunguo wake, akasema tutarudi.

Siku chache baadaye alirudi nyumbani na stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele. Akasema amepata gereji nyingine, wamerekebisha kila kitu. Nilimshukuru Mungu, sikuwaza zaidi.

Watu wa kanisa waliofanya kazi kiwanda kile wakaanza kupanda gari letu. Mmoja wao alikuwa Mama Riziki. Huyo mama alinichukua kama binti yake, kwa kuwa wangu tulimzika kambini. Alikuwa ananiwekea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwenye kopo, akinigombeza kwamba nitakonda niolewe na nani. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa chake. Alipenda kujifunika kitenge apumzike kidogo kabla ya kazi.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, theluji ilikuja kwa ghafla kutoka kwenye ziwa kubwa lililo kando ya mji, nyeupe tupu, huoni hata gari lililo mbele yako. Barabara ya Tonawanda ikafungika. Tukasimama, injini inawaka, joto limefunguliwa, vioo vimefungwa, na theluji inapanda ubavuni. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kichwa kikaanza kunigonga, nikahisi kichefuchefu. Dada mmoja wa kiti cha katikati akatapika, ndipo yaya akafungua mlango. Nikageuka kumwamsha Mama Riziki. Kitenge kilikuwa kimemfunika hadi kidevuni, uso wake umetulia. Nilimwita, nikamtikisa. Tulimtoa tukamlaza kwenye theluji ili apate hewa, watu wa magari mengine wakaja kusaidia. Hakuamka, mwanangu.

Hospitalini daktari alisema ni sumu ya moshi. Polisi walitazama stika, wakaona ukaguzi uko sawa, wakaandika kwamba huenda theluji iliziba bomba la moshi. Kwenye kilio watu walisema hivyo hivyo: ni theluji, ni mapenzi ya Mungu. Walimfariji yaya kama wanavyomfariji mfiwa. Yeye chakula hakukigusa.

Siku ya mazishi, tuliporudi nyumbani kwa marehemu, yaya alisimama katikati ya sebule, mbele ya Baba Riziki, mume wa yule mama. Nilidhani anataka kuomba.

"Baba, si theluji," alisema. "Gari haikutengenezwa. Ile gereji walichomeka kompyuta yao kwenye gari ingine nzima, majibu yake wakayaweka kwa jina la gari yangu. Mi nilijua ile tundu ya sakafu. Fundi alinionyesha na macho yangu. Nikamupandisha mama hapo juu yake kila siku."

Baba Riziki akasema polepole, "Kama ungeniambia, ningemuzuia asipande. Ni hilo tu. Haukunipa hata nafasi ya kumuzuia." Akainuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake yaya alikwenda mwenyewe polisi. Alishtakiwa, akafungwa, na ile gereji ikafungiwa. Alipotoka hakushika usukani tena. Baba Riziki alihama mji. Miaka mingi baadaye mchungaji alimfikia akamuuliza kama amesamehe, naye akajibu kwamba anaomba kila siku aweze, bado hajaweza. Yaya alipoletewa jibu hilo alisema ni haki yake. Yaya mwenyewe, nywele zimekuwa nyeupe, mpaka leo analala dirisha wazi, hata baridi iwe kali namna gani.

Sasa wewe, mwanangu. Kabla hujapakia hata sanduku moja, uliza sheria ya kule unakokwenda, wala usitegemee kwamba hapa Columbus hakuna aliyekuuliza. Lipeleke gari kwa fundi likiwa bado hapa, alitazame chini, na kama taa ya injini inawaka, asome ni ya nini. Usichomoe betri ili taa izime. Kompyuta ya Buffalo itaona kumbukumbu ya gari imefutwa. Likikataliwa, liache kwa fundi, upande basi, ukachelewe kazini, hata ukaikose hiyo kazi. Na yeyote atakayekuambia ana njia ya kukupatia stika, mkimbie. Haiibii serikali huyo. Anawauza watu watakaokaa nyuma yako.

Nenda salama. Mungu akufungulie milango ya Buffalo, akupe kazi na majirani wema. Na kila utakayempakia, mwanangu, akashuke kwa miguu yake mwenyewe.