Kaburi Tupu Kwenye Mafunjo

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili mtu asipoteze muda kunitafutia sababu. Sababu ninazo mwenyewe, nyingi, na hakuna hata moja iliyozuia maji.

Nakaa pembeni mwa Arua, kule chini mafunjo yanapoanzia. Shamba letu la magimbi liko palepale kwenye majimaji. Ardhi ni ya ukoo wa mume wangu, lakini jembe ni langu. Mume yuko ng'ambo, Kongo, kwenye biashara. Anarudi akikumbuka.

Mwaka jana watu wa jiji walikuja na habari. Wanataka kununua bonde lote, lisilimwe wala kujengwa, liachwe wazi ili mvua ikinyesha maji ya mjini yapate pa kukaa badala ya kuingia majumbani. Walisema wazi: viwanja vyote, au basi. Kimoja kikikosekana, wanakwenda bonde lingine.

Mama mkwe alifurahi sana. Nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa chini kuliko zote. Alitaka kuhamia kwa dada yake, kule Ayivu, kwenye ardhi kavu. Wazee wa ukoo wakakaa, wakakubali. Mimi niliwapikia siku ile. Hakuna aliyeniuliza kitu, isipokuwa chumvi iko wapi.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, nisidanganye.

Siku moja kabla ya mpimaji kuja, nilirundika udongo katikati ya magimbi, urefu wa mkono wangu tu, nikapanga mawe juu. Huku kwetu kila mtu anajua ardhi yenye kaburi hainunuliwi hivihivi.

Mpimaji akasimama na vigingi vyake. "Hii iko kaburi ya nani?"

"Ya mtoto yangu ya kwanza," nikasema.

Ni kweli nilizika mtoto. Lakini yuko kwetu Lobule, wilaya ya Koboko, nyuma ya nyumba ya baba yangu. Alikufa na miezi minne, na ukoo wa mume wangu ulikuwa haujapeleka kwetu hata ng'ombe mmoja wa mahari. Kwa desturi yetu mtoto kama huyo ni wa kwao mama yake, na anazikwa huko. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Koboko kwa bodaboda, nimemfunga kwenye kitenge kama amelala.

Mama mkwe alikuwa amesimama hapohapo. Alijua. Ili anikanushe, ingebidi aseme mbele ya majirani wote kwa nini mjukuu wake hakuzikwa kwake. Nilimtazama usoni. Nilijua atanyamaza. Hilo ndilo ninaloungama, kuliko hata ule udongo.

Akanyamaza.

Mwenyekiti wa mtaa akavua kofia. Jirani mmoja akanishika mkono: "Pole, mama. Sisi hapana jua." Nikaipokea ile pole. Mpimaji akang'oa vigingi, na baadaye tukasikia jiji limenunua bonde la upande mwingine.

Mvua kubwa zilipofika, maji ya mjini yalishuka kwetu na chupa zake na malapa yake. Ilikuwa mchana. Ukuta wa mama mkwe ulilowa, ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Aliwahi kutoka, lakini matofali yalimpata nyonga. Tangu siku hiyo hatembei bila kushikwa.

Sasa anakaa kwangu. Namwogesha, nampeleka chooni, namnyonyesha mtoto wangu mdogo, nalima kilichobaki. Hakuwahi kulitaja lile jambo. Nilitamani anitukane nipumzike.

Juzi mwenyekiti alikuja. Bonde lile lingine halitoshi, jiji linaweza kurudi kwetu. Lakini kaburi limeandikwa kwenye karatasi zao. Mwenye kaburi asimame kwenye mkutano wa mtaa aseme litahamishiwa wapi.

Alipoondoka nilimwambia mama mkwe, "Mama, nitasema iko tupu. Nitasema nilikasirika sababu ya shamba. Habari ya ng'ombe sitagusa."

Akanitazama mpaka nikaacha kumenya mihogo.

"Wewe mtoto ya Koboko. Siku ile ulifunga mdomo yangu. Sasa unataka kufunga tena? Sema yote. Sema hata habari ya ng'ombe. Mimi nitakaa karibu yako. Mutu akitaka kucheka, acheke mimi."

Mkutano ni Jumamosi. Nimeshaongea na mwenye bodaboda atubebe wote wawili, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika.

Wewe unayesoma, mke ambaye kwenu huulizwi kitu: gomba. Kataa kupika. Ningekataa kupika siku ile, labda wangenigeukia wakaniuliza nina nini. Lakini mtoto wako aliyelala, mwache alale alipo. Mimi wangu nilimhamisha kwa mdomo tu, na Jumamosi lazima nimrudishe Lobule mbele ya watu wote.