Safu ya Sitini na Kuendelea

Mwaka 1976 Werema Wangwe, karani wa kijiji chetu cha ujamaa huko Susuni, alikuwa mtu aliyechoka. Alikuwa na watu wazima mia tatu na kumi na wawili, karatasi moja kutoka wilayani, na wiki mbili. Karatasi ilitaka wapangwe kwa umri katika safu nne: kumi na tano hadi ishirini na tisa, thelathini hadi arobaini na nne, arobaini na tano hadi hamsini na tisa, kisha sitini na kuendelea. Wa safu ya mwisho hawakulima shamba la kijiji.

Sasa nani alijua mwaka aliozaliwa? Werema akatafuta njia ya mkato, na hata mimi ningefanya hivyo. Kila mwanamume wa Kikurya anajua mwaka aliotahiriwa, na wale aliotahiriwa nao. Kwenye mwaka huo akatoa kumi na mitano kupata wa kuzaliwa, rika zima akalitia safu moja. Wanawake akawakadiria kwa umri wa mtoto wa kwanza. Siku nne, kazi imekwisha.

Majina yaliposomwa siku ya nane, mzee Heche akaingia ofisini ameshika kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniweka na vijana, nikalime?"

"Nimekuweka na rika lako. Hamsini na nne."

"Rika ni langu, miaka si yangu. Kaka yangu alikwenda machimbo ya dhahabu, akakaa miaka tisa. Umeona wapi mdogo akimtangulia mkubwa kutahiriwa? Nikamngoja. Nilitahiriwa nina ndevu!"

"Siku ya jembe kila mtu ana hadithi, mzee."

"Haya. Bhoke umemweka wapi?"

Bhoke ni dada yake, aliyezaliwa baada yake. Werema akafunua kurasa. Sitini na moja.

"Amenipita wapi huyo? Njiani?"

Werema akacheka, kisha akaacha. Akakata jina la Heche, akalihamishia safu ya mwisho, akarekebisha jumla mbili.

"Nenda kapumzike, mzee."

Heche hakunyamaza, bila shaka. Asubuhi yake wazee kumi na mmoja walikuwa mlangoni, kila mmoja na hadithi ya kaka yake aliyechelewa. Wawili walikuja kabisa na dada zao.

Werema akatazama kalenda. Siku tano. Akachukua karatasi mpya, akachora safu nne upya.

"Mmoja mmoja," akasema. "Na waanze hao dada."